Plagi za Mbele

Mwezi uliopita nilipeleka gari la marehemu mume wangu gereji, pale Chanika, kwa kijana mmoja ninayemwamini. Lilikuwa linakohoa kila asubuhi na kuzimika kwenye kona. Akafungua boneti, akatoa plagi kuukuu, akazipanga juu ya gunia. Kisha akafungua kopo dogo la grisi nyeusi na kunigeukia. "Mama, nipake kidogo kwenye nyuzi zake, au nifunge kavu?"

Harufu ilinifikia kabla ya swali. Ni harufu ya chuma kilichopashwa moto, na ndani yake kuna kitu kama risasi ya penseli iliyotoka kuchongwa. Nikashika ubavu wa gari. Kijana akadhani ni jua, akanisogezea kiti.

Nikamwuliza yeye angefanyaje. Akasema mafundi hawajawahi kukubaliana juu ya jambo hilo. Plagi ikifungwa kavu, joto linaweza kuigandisha, na siku ya kuitoa ikatoka na nyuzi za injini, ile mikato ya skrubu inayoishika. Ikipakwa grisi inateleza mno. Mkono unadhani bado haijakaza, unaongeza, na nyuzi zinakatika palepale. "Kavu huharibu ukifungua, grisi huharibu ukifunga," alisema. "Ila hizi za siku hizi zimeshapakwa kiwandani. Mimi nazifunga kavu, na sikazi kwa hasira."

Nikamwambia afunge kavu. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki mpaka akamaliza, nikimfikiria bibi yangu mzaa baba. Siku ile, nikiwa mwanamke mwenye wajukuu, ndipo nilipoelewa jambo nililoliona kwa macho yangu nikiwa mtoto.

Wewe uliyekua miaka ileile niliyokua mimi utaukumbuka unga wa njano wa msaada, tuliouita unga wa yanga. Utakumbuka ulivyokuwa ukinuka gunia hata baada ya kusongwa, na watoto tulivyoukataa siku ya kwanza na kuugombania siku ya tatu. Mvua zilikuwa zimekata. Nasi tulikuwa tumehamishwa karibuni, kutoka kwenye maboma yetu yaliyotawanyika porini, tukakusanywa kwenye kijiji kipya, mwendo wa mbali kutoka Mkata, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Mihogo yetu tuliiacha ardhini kule tulikotoka. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinaishi kwa lori moja.

Lilikuwa lori kuukuu la petroli, lenye silinda sita, ambalo kijiji kilipewa lilipochokwa mahali pengine. Lilikwenda Korogwe kuchukua unga na kurudi. Aliyelitengeneza alikuwa baba yangu, aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya shamba la mkonge huko Korogwe kabla sijazaliwa. Aliyeliendesha alikuwa mdogo wake, Baba Mdogo Athumani, ambaye alikuwa bado hajaoa na alikula kwetu. Baba alikuwa mkimya, mwenye vidole vifupi, aliyependa kila kitu kiwe pale alipokiweka. Baba Mdogo alikuwa mrefu na mcheshi. Alipokuwa akirudi safari alipiga honi toka mbali, na mimi nilijua honi ile ni yangu.

Walikuwa wanapendana, lakini waligombana juu ya plagi. Baba alifundishwa kuzipaka grisi nyeusi kabla ya kuzifunga, na kopo lake alilitunza kama dawa. Alisema kichwa cha injini ya lori lile ni cha madini laini, kama sufuria, na plagi ya chuma ikikaa humo bila grisi inaoana nacho. "Na ndoa ile haina talaka," alisema. Baba Mdogo alitaka zifungwe kavu. "Ukipaka grisi, kaka, spana inakudanganya. Mkono hausikii tena." Mabishano hayo niliyasikia mpaka nikayajua kama sala. Sikuelewa hata moja. Nilidhani plagi ni viumbe, tena walafi, na kwamba watu wazima wanabishana kama wapewe mafuta au wanyimwe.

Aliyewaamua alikuwa Bibi. Siku moja walikuwa wakibishana uani, chai inapoa, naye anapepeta ule unga kutoa wadudu. Akauliza, "Hizo plagi ziko ngapi?" Wakamwambia sita. "Basi zilizo mbele ni za mkubwa, apake anavyotaka. Zilizo nyuma ni za mdogo, afunge anavyotaka. Sasa mninyamazie." Alisema kwa Kizigua, lugha aliyoitumia kwa mambo yasiyojadiliwa. Wote wawili wakacheka, na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Tatu za mbele, zilizo karibu na rejeta, Baba alizifunga na grisi. Tatu za nyuma Baba Mdogo alizifunga kavu. Haikuwa siri, lakini ilikuwa ya nyumbani. Kijijini hapakuwa na mtu wa kujali nani anafunga plagi gani, mradi unga ufike.

Bibi hakukizoea kijiji kile. Hakulalamika. Alikuwa tu akitoweka asubuhi na jembe lake begani, akirudi jua likiwa kali na mihogo miwili mitatu kwenye upindo wa kanga. Wote tulijua anakwenda kwenye mahame yetu, pale nyumba yake ilipokuwa, ambapo babu alizikwa. Baba alimkataza. Nyasi zilikuwa zimeshafika kifuani, na pori likirudi mahali walipoishi watu, wa kwanza kurudi ni nyoka. Bibi alimjibu, "Yule mzee mmemwacha peke yake, nani anamfagilia?"

Kifutu alimwuma huko, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alitembea mwenyewe mpaka kijijini. Nilikuwa wa kwanza kumwona akija, akikanyagia kisigino, mihogo bado ameikumbatia. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia marahaba kama siku zote, kisha akaniambia nimwite baba yangu, nisipige kelele. Mguu ulikuwa umevimba na kung'aa kama ngozi ya ngoma.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana mpole. Aliufunga mguu, akampa vidonge vya maumivu, akasema waziwazi kwamba dawa ya nyoka yeye hana. Kama ipo, ipo hospitali ya Korogwe. "Sumu ya kifutu haina haraka," alimwambia Baba. "Mkiondoka sasa mnawahi." Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu yalitufurahisha. Baba Mdogo alishaleta lori. Walitandika majani nyuma, na godoro juu ya majani, wakamlaza. Mama alikuwa na wadogo zangu wachanga, kwa hiyo nikapandishwa mimi, nimshike Bibi kichwa kisigonge na nimpepee. Watu walisimama kando ya njia kutuaga. Wengine walikuwa na magunia matupu mkononi, wakamkumbusha Baba Mdogo kwamba kwa kuwa anakwenda Korogwe, asisahau kurudi na unga.

Lori lilianza kukohoa tukiwa tumekiacha kijiji mbali, na Mkata ikiwa bado haijaonekana. Lilikuwa likivuta, likiacha, likivuta, na kila lilipoacha kichwa cha Bibi kiliniponyoka magotini. Kwenye kilima cha mchanga likagoma. Baba na Baba Mdogo wakashuka, wakafunua injini. Mimi nilisimama nyuma ya kibao cha lori, ule ubao unaozuia mizigo nyuma ya dereva, nikawaona kwa juu, vichwa vyao viwili vimeinama pamoja. Wakasema plagi zimeziba masizi. Wakazitoa, wakazisugua kwa mchanga na kitambaa, kila mtu zake. Baba Mdogo alimaliza kwanza. Zake zilitoka kwa shida na zikarudi salama, naye akapangusa mikono.

Baba alikuwa bado yuko mbele, karibu na rejeta. Alikuwa amepaka grisi yake, anafunga.

"Imeshakaa, kaka," Baba Mdogo alisema.

"Bado."

"Imeshakaa. Iache hivyo."

"Ikilegea njiani tutasimama tena," Baba alisema, akavuta spana kwa uzito wake wote.

Sikusikia kitu kikivunjika. Niliona tu spana ikizunguka kirahisi, kama ufunguo kwenye kufuli bovu. Baba akaizungusha tena, na tena. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye rejeta iliyokuwa ya moto, akakaa hivyo.

"Nyuzi zimekatika," Baba Mdogo alisema, kwa sauti ya chini.

Nikalisikia hilo neno nikaona hapa mimi nina msaada. Nyuzi nilizijua. Nilikuwa na uzi. Bibi alinifundisha kushona, na siku zote nilikuwa na kipande cha uzi mweupe nimekizungusha kwenye kifungo cha gauni langu. Nikaufungua, nikashuka nikining'inia kwenye kibao, nikaenda mpaka mbele, nikamnyooshea Baba. "Baba, uzi huu hapa."

Nilitegemea atanifukuza. Baba aliutazama mkono wangu kwa muda. Kisha akaupokea uzi, akauzungushia kwenye plagi, duru juu ya duru, akaupaka grisi, akaisukumiza plagi tunduni mwake kwa kiganja. Leo najua kwamba alikuwa mtu aliyeishiwa. Wakati ule nilijiona nimeokoa safari. Nikarudi kwa Bibi nikamwambia tunaondoka sasa, nimetoa uzi wangu.

"Umefanya vizuri," Bibi alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Lori liliwaka. Lilipanda kile kilima, likashuka upande wa pili, na kule bondeni kukatoka mlio kama wa bunduki. Plagi ilikuwa imeruka na kupasua bati la boneti. Baada ya hapo lori halikusogea tena.

Baba Mdogo alivua viatu akakimbia kwenda Mkata kutafuta gari. Alikimbia jua likiwa utosini. Baba alimshusha Bibi, akamlaza kwenye kivuli cha lori, maana palikuwa hapana kivuli kingine. Mguu ulikuwa umepasuka ngozi na kutoa maji. Alitaka maji ya kunywa, akayatapika, akataka tena. Wakati mmoja alifumbua macho akauliza, "Mbona tumesimama?"

"Tunaipumzisha gari, mama," Baba alisema.

"Na ipumzike," Bibi alisema. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia mimi. Baba aliinama akamsomea shahada sikioni, taratibu, akirudia. Nilikuwa nimeshika pembe ya kanga nikiwafukuza nzi. Niliendelea kuwafukuza kwa muda mrefu hata baada ya haja kwisha.

Baba Mdogo alirudi alasiri na gari la kubebea mkonge alilolisimamisha barabara kuu, amekaa mbele na dereva, nyayo zake zinavuja damu. Aliruka kabla gari halijasimama. Akatuona tulivyokaa. Alipiga magoti mchangani, akaanza kuushika ule mguu uliovimba, akiukanda, kama bado kuna kazi ya kufanya.

Tulimzika kwenye mahame, kando ya babu. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka, alisema kijiji kina makaburi yake sasa, lakini wazee walimzidi. Kwa siku nyingi baada ya maziko sikula vizuri, na watu wakadhani ni huzuni. Haikuwa huzuni peke yake. Niliamini kwamba uzi wangu ndio uliokatika. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, nyuzi zimekatika, na uzi nilitoa mimi. Nilitupa sindano zangu zote chooni.

Lori lilivutwa mpaka kijijini likawekwa mbele ya ofisi. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka na hakikupatikana kingine. Unga ukabaki Korogwe. Wanaume walianza kwenda kwa miguu na baiskeli, wakirudi na vifuko visivyotosha. Kwa jirani yetu upande wa kulia walizika mtoto, na upande wa kushoto mzee. Watu wenye njaa hutaka kuambiwa ni nani aliyewatenda, na siku zile neno hujuma lilikuwa karibu na kila mdomo. Ukaitishwa mkutano.

Ulifanyika mchana, uwanjani, mbele ya lile lori. Wanawake na watoto tulikaa upande mmoja chini. Mwenyekiti alisema mali ya kijiji imeharibiwa, na ameambiwa na fundi wa serikali aliyelitazama lori kwamba plagi ilikazwa vibaya. Akauliza nani aliifunga.

Baba alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatazama mikono yake. Alifumbua mdomo, akaufumba. Mama alikuwa amenididimizia kucha begani bila kujua.

Baba Mdogo akasimama. "Mimi," alisema.

Kelele zilipotulia mwenyekiti akamgeukia Baba. "Wewe ndiye fundi. Ndivyo ilivyokuwa?"

Baba alimtazama ndugu yake, kisha lori.

"Ndivyo," alisema.

Nami nilikaa pale nimeshika magoti, nikifikiri, Baba Mdogo amenifichia uzi wangu. Amesema ni yeye ili wasinijue mimi. Nilimpenda kwa ajili hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Ndivyo mtoto anavyoona. Ukweli ulikuwa umesimama mbele yangu na urefu wake wote, nami nikauvalisha gauni langu.

Walimpeleka Handeni. Alikaa rumande mpaka mvua zikarudi, akatoka amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Hakurejea nyumbani kwetu. Alipita njia ya juu, isiyofika kijijini, akaenda zake Mombo, na huko akabaki. Kijijini jina lake likawa mfano. Mtu akifanya kazi ovyo walimwambia usije ukatuua kama Athumani alivyomwua mama yake. Walisema hivyo mbele ya Baba, na Baba alikuwa akiondoka kwenda msikitini hata kama si wakati wa swala. Hakushika spana tena. Alilima. Lile kopo la grisi lilikaa darini mpaka likaota kutu likatoboka, na harufu ikabaki ndani ya nyumba ile miaka mingi.

Nilipokua niliacha kuamini habari ya uzi. Lakini nilipoiacha, nikaamini ile ya kijiji, kwa kuwa ilikuwa ndiyo iliyobaki. Baba alipofariki, Baba Mdogo alikuja mazikoni. Wadogo zangu wa kiume walinisimulia kwamba alipotaka kuingia kaburini kumpokea ndugu yake, mzee mmoja alimzuia kwa mkono, akamwambia, wewe inatosha. Alirudi nyuma, akatupia mchanga kama wapita njia wengine, akaondoka bila kula.

Siku chache baada ya kutoka pale gereji nilipanda basi kwenda Mombo. Nilimkuta amekaa nje ya chumba chake, upande wa njia ya Lushoto, mzee sana, macho yameingia ukungu. Anaishi kwa kushona vikapu vya ukindu, ambavyo mjukuu wa mwenye nyumba humwuzia stendi. Nilimwamkia, nikamtajia mimi ni nani. Aliushika mkono wangu, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko, akacheka na ule mwanya wake. Tuliongea habari za wazima na za waliokufa. Kisha nikasema niliyoijia.

"Baba Mdogo, ile plagi ilikuwa ya mbele."

Vidole vyake viliendelea kushona. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nyuma ya kibao. Nilikuona unamwambia imeshakaa."

"Ulikuwa mdogo."

"Baba alikuwa karibu na rejeta. Za mbele zilikuwa za mkubwa. Bibi ndiye aliyegawa."

Gari la Lushoto lilipita, likajaza vumbi, vumbi likatua. Alipandisha uso wake kuelekea sauti yangu ilipokuwa.

"Baba yako ndiye aliyekwambia?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa kama ya mtu anayebisha hodi.

Nikaona anachokiuliza. Nikaona pia kwamba ningeweza kumpa ndiyo ya uongo, na hapana mtu duniani ambaye angenisuta. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshatangulia.

"Hapana," nilisema.

"Hata alipoumwa?"

"Hata alipoumwa, Baba Mdogo."

Alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Akautafuta ukindu uliomponyoka, akaupata, akaunyoosha juu ya goti kwa kidole gumba.

"Alikuwa na watoto," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini ninyi mlikuja kukua."

Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia miguuni, naye akainua kichwa akasikiliza barabara.

"Basi la Korogwe hilo linapiga honi," alisema. "Nenda, mwanangu. Lisikuache."